Harufu ya dampo inakuja usiku tu, mchana hamna. Wajuzi wa hewa chafu njooni hapa

#1 Jabali_Pweke
Wakuu habari za usiku.

Nimejenga mwaka juzi hapa Mwanza, mtaa sitautaja maana wapangaji wangu nao wanasoma humu. Kutoka kwangu hadi dampo ni kama kilomita moja na nusu kwa jicho, katikati kuna mlima wa mawe na bonde. Nilikwenda kukiangalia kiwanja mara nne kabla ya kulipa. Mara zote nne nilikwenda mchana. Hapo ndipo nilipopigwa.

Mchana hapanuki kabisa, unakaa barazani unakula sato wako kwa amani. Ikifika saa nne, saa tano usiku, upepo ukilala, inaanza. Kwanza inakuja kama yai viza, halafu inafuata nyingine tamutamu ya kuchefua, kama maembe yaliyoozea ndani ya kiroba. Inakaa mpaka alfajiri, jua likitoka imepotea. Wageni wa mchana wananiona mzushi.

Maswali mawili. Kwa nini usiku tu? Na kitaalamu harufu ya dampo inadhibitiwaje, maana nchi za wenzetu madampo yapo na watu wanaishi jirani. Naomba kuwasilisha.

#2 Sangara_Kichwa
Mchana pua yako iko mjini kazini mkuu. Usiku ndiyo inarudi nyumbani.

#3 BintiUkara
Nimekaa kiti cha mbele. Kwanza kiwanja ulichukua shilingi ngapi?

#4 Mzee_wa_Luseni
Mwangaluka.

Hilo la usiku muulize mvuvi yeyote wa dagaa atakujibu bila kwenda chuo. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kuja bara. Usiku inageuka, nchi inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka bara kwenda ziwani. Kama wewe uko kati ya dampo na ziwa, mchana uvundo wako wanapelekewa watu wa kule Usagara, usiku mnarudishiwa.

La pili ni mfuniko. Toka nje saa moja jioni uangalie moshi wa jiko la jirani. Mchana unapanda juu, jioni unalala, unatambaa kama shuka. Ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi na nzito, ya juu yake ina joto kidogo, basi hakuna kinachopanda. Na hewa baridi inateremka mabondeni kama maji. Hilo bonde ulilolitaja ndio mfereji wenyewe, na nyumba yako iko mdomoni.

#5 Popo_wa_Igoma
Naunga mkono #4. Shemeji yangu anakaa upande wa pili wa hilo hilo dampo, bara zaidi. Yeye inamjia saa nane, saa tisa mchana, usiku analala vizuri.

#6 Kaka_Kontena
Mnaenda mbali bure. Mimi nimeendesha gari la taka miaka mitano (sio la hapo, msinitafute). Taka za sokoni zinabebwa jioni watu wakishafunga. Vichwa vya samaki, matumbo, nyanya, ndizi, vyote vimeshinda juani. Unafika dampo saa mbili usiku, katapila limeshazimwa, dereva wake ameenda kwake. Unamwaga, unaondoka. Ule mzigo unalala wazi mpaka asubuhi utakaposambazwa na kufunikwa, kama utafunikwa. Sasa usiku kusinuke kwa nini?

#7 Jabali_Pweke
Kaka_Kontena umenigusa, ila Jumapili magari hayaji na usiku wake bado inanuka. Labda kidogo pungufu.

BintiUkara bei niache nayo, bado naumwa.

#8 Ndege_John
Hiyo ni gesi ya methani tu wakuu. Taka zikioza zinatoa methani, ndiyo inayonuka. Dawa yake ni kuziba dampo lote kwa udongo mzito wa mfinyanzi, kwisha.

#9 Maabara_Ndogo
Ndege_John hapana, na hapana ya pili ni kubwa zaidi.

Methani haina harufu. Gesi ya dampo lililokomaa ni karibu nusu methani, na iliyobaki kwa sehemu kubwa ni kabonidayoksaidi, nayo haina harufu. Kinachokunusisha kipo ndani ya ile asilimia moja ya mwisho au chini ya hapo: haidrojeni salfaidi (yai viza), merkaptani (kabichi iliyooza), amonia, asidi za mafuta zinazonuka kama maziwa yaliyolala, na esta na alkoholi za matunda yanayochacha. Huo utamutamu wa Jabali ni taka mbichi, za wiki hii. Yai viza ni taka zilizokosa hewa, au yale maji meusi yanayovuja chini.

Mtungi wa gesi wa jikoni unanuka kwa sababu wametia merkaptani kusudi, kiasi kidogo mno, ujue ukivuja. Pua ya mtu inainasa haidrojeni salfaidi ikiwa sehemu chache tu katika bilioni moja ya hewa. Ndiyo maana dampo linaweza kudhibiti asilimia tisini ya harufu na jirani asione tofauti.

Na kuziba lote: methani ikikosa pa kutokea juu inakwenda pembeni, chini ya ardhi, inaingia kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kiberiti kimoja kinatosha.

#10 Ndege_John
Sawa mwalimu. Nilikuwa nachangia tu.

#11 Fundi_Jipsamu
Yai viza naijua ilipotoka, na inaniuma kwa sababu ni kazi yangu. Ni jipsamu. Siku hizi kila nyumba Mwanza dari ni jipsamu. Tukikata vipande vinavyobaki vinaenda wapi? Dampo. Nilishawahi kusikia kwenye semina ya mafundi kwamba jipsamu ikilowa na kukosa hewa inatoa ile gesi ya mayai. Wakati ule tulicheka.

#12 Maabara_Ndogo
Hukupaswa kucheka, ni kweli tupu. Jipsamu ni salfeti ya kalsiamu. Bakteria wasiohitaji hewa wanaivuta oksijeni kutoka kwenye salfeti, wanabakiza salfaidi. Ukichanganya na taka za chakula na maji ya mvua umewaandalia karamu. Kuna nchi zimekataza jipsamu isichanganywe na taka za chakula, inawekwa chumba chake.

#13 Jabali_Pweke
Aisee. Halafu nikumbuke kitu. Pete ya fedha ya mke wangu imekuwa nyeusi ndani ya mwezi. Kumbe ndio hiyo?

#14 Sangara_Kichwa
Hiyo pete uliinunua Makoroboi kwa bei ya kuanzia, usiisingizie dampo.

#15 Maabara_Ndogo
Fedha halisi hugeuka nyeusi ikikutana na salfaidi, kwa hiyo Sangara safari hii pete inamtetea Jabali. Shaba pia. Mkuu, waya za shaba nje ya nyumba zikoje? Na pete huwa inakaa wapi?

#16 Mama_Bondo
Ngojeni nami niseme kidogo kuhusu dawa, maana nimeona mmebaki kwenye ugonjwa.

Nilifanya kazi kiwanda kimoja cha unga wa samaki kando ya ziwa, sikitaji. Vichwa na miiba vinapikwa, vinakaushwa, vinasagwa. Ile hewa ya kwenye kikaushio mtu akiinusa mara ya kwanza anatafuta ukuta. Wazungu waliokuja kufunga mitambo wakatuwekea kitu wanakiita baiofilta. Mimi kazi yangu ilikuwa kuitunza.

Ni boksi la zege, upana kama uwanja wa voliboli, sakafu ina matundu. Juu ya matundu kuna vipande vya mbao, maranda manene na mboji, kina kama mita moja. Feni inasukuma hewa kutoka chini, inapanda polepole kupita kwenye maranda, karibu dakika nzima. Ndani humo wanaishi bakteria, wanakula harufu. Ukisimama juu yake hausikii samaki, unasikia msitu baada ya mvua.

Kipimo chake ni mkono. Unachimba mpaka kwenye kiwiko, unachota konzi, unaminya. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, vizuri. Yakitiririka umezidisha maji, hewa haipiti. Yakipukutika, bakteria wamekufa au wako njiani. Wikiendi moja pampu ya maji ikafa, fundi akasema Jumatatu. Jua la Januari lile. Jumatatu maranda yamepasuka, hewa yote inatoka kwenye nyufa bila kugusa kitu, na mtaa mzima uko getini. Ilituchukua wiki kadhaa kuirudisha.

#17 Popo_wa_Igoma
Mama_Bondo umetisha. Hili la kuminya maranda nimelipenda.

#18 Ndege_John
Sasa swali la mjinga. Kiwandani hewa inatoka kwenye bomba, unaishika. Dampo ni wazi, utaipitisha vipi kwenye boksi?

#19 Mama_Bondo
Sio la mjinga, ndilo lenyewe. Hewa usiyoishika huwezi kuisafisha. Nje wanajenga banda la kupokelea taka na feni zinavuta ndani, mlango ukifunguliwa hewa inaingia badala ya kutoka. Kwa dampo la wazi unabaki na mifuniko.

#20 Maabara_Ndogo
Kuna njia ya katikati. Kwenye dampo ambalo lina mabomba ya kutolea gesi yamesimama wima, unaweka pipa la mboji na vipande vya mbao kichwani mwa bomba. Gesi inapita humo ikitoka, bila feni, bila umeme. Hata methani nayo kuna bakteria wanaoila. Gesi ikiwa nyingi unaivuta kwa pampu na kuichoma kwenye mwenge. Dar kule Mtoni walifanya hivyo, visima vya gesi na mwenge wa kuichoma, ulikuwa mradi wa kaboni (unalipwa kwa kupunguza gesi zinazopasha dunia joto) miaka ile ya 2000.

#21 Bwana_Chokaa
Chokaa jamani! Mbona mnazunguka? Kijijini choo kikinuka unatupia chokaa na majivu, basi. Dampo ni choo kikubwa.

#22 Mama_Bondo
Chokaa inategemea unapigana na nani. Inapunguza yai viza, lakini inaamsha amonia, ile ya kuchoma macho. Tuliwahi kumwagia chokaa rundo la matumbo ya samaki, mayai yakanyamaza, machozi yakaanza. Tindikali inafanya kinyume chake, inashika amonia na ile shombo ya samaki. Ndiyo maana unakamulia samaki ndimu. Sio utamu tu, ndimu inaikamata shombo isiruke.

Kiwanda kikubwa kinaweka minara miwili ya kuosha hewa. Wa kwanza maji yenye tindikali, wa pili magadi makali na dawa ya kung'arisha nguo. Na isije ikawa mtu amesoma hapa akavichanganya kwenye ndoo moja. Tindikali na dawa ya kung'arisha vinatoa klorini, hiyo inaua.

#23 BintiUkara
Kumbe bibi alikuwa mkemia.

#24 Sato_Mkavu
Nilipita dampo moja nchi za watu nikaona wamezungushia mabomba yanayopuliza ukungu wenye marashi. Harufu ya ndimu na uvundo pamoja. Nakwambieni bora uvundo peke yake, angalau unaujua.

#25 Kaka_Kontena
Marashi juu ya jasho. Kuna bosi mmoja alitununulia dawa ya kunyunyiza kwenye magari, ikawa watu wanajua gari la taka linakuja kwa harufu ya pipi.

Halafu mmesahau dawa ya bei rahisi kuliko zote. Eneo la kumwagia liwe dogo. Badala ya kumwaga popote unapopaona, unamwaga sehemu moja yenye upana wa gari mbili tatu, unashindilia, jioni unafunika na udongo sentimita 15. Hicho ni kipimo cha vitabu, nimefundishwa. Tatizo udongo unatakiwa kila siku, na gari la udongo linataka dizeli ile ile ya gari la taka.

#26 Mzee_wa_Luseni
Kaka, na udongo gani? Ndipo jina langu linapofaa. Huku kwetu udongo mwingi ni luseni, mchanga unaotokana na haya mawe. Ukifunikia luseni, mvua inapita kwenda chini na gesi inapita kuja juu, umefunika macho tu. Ukichukua wa mbuga, ule mweusi, masika unateleza gari haliingii, kiangazi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Bora ule mwekundu, kikungu.

#27 Maabara_Ndogo
Mzee hapo umegonga. Wekundu ni chuma, na chuma kinaikamata salfaidi. Kuna mitambo ya kusafisha gesi inayotumia chuma chenye kutu kwa kazi hiyo hiyo. Changanya udongo mwekundu na mboji, umepata mfuniko unaofanya kazi mbili.

#28 Mwana_Kampala
Naishi Uganda lakini ni mtu wa Bukoba. Kuhusu kuongeza udongo na kushindilia juu, msisahau Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 lile dampo la Kampala liliporomoka baada ya mvua, likafukia nyumba, watu zaidi ya 30 wakafa. Mlima wa taka ukilowa ukawa mzito na wima, unateremka. Harufu ni kero, hilo lingine ni msiba.

#29 Kaka_Kontena
Mungu awarehemu. Ni kweli, sio kila mahali unapandisha tu.

#30 Wakili_wa_Mtaa
Jabali, badala ya maranda na chokaa, kuna njia ya makaratasi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar, walifungua kesi Mahakama Kuu juu ya dampo la pale, moshi na harufu. Wakashinda. Jiji likaomba muda zaidi liendelee kumwaga, Jaji Lugakingira akakataa, akasimama kwenye ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Tangu 2004 tuna na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Andika malalamiko, hesabu tarehe, kusanya saini.

#31 Sangara_Kichwa
Na baada ya Tabata taka zilipelekwa wapi?

#32 Wakili_wa_Mtaa
Kunduchi Mtongani.

#33 Sangara_Kichwa
Na wa Kunduchi?

#34 Wakili_wa_Mtaa
Nao walienda mahakamani, 1991. Nimekuelewa unakoelekea.

#35 Chupa_Tupu
Mimi naokota chupa dampo, mwaka wa saba. Nasoma tu ila leo niandike.

Mnasema dampo linanuka kama vile ni kitu kimoja. Sisi tunajua kona zake kwa pua. Upande wa taka mpya ni matunda. Upande wa zamani haunuki sana, ila mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi unatoa mvuke, unanuka udongo na kitu kama betri. Pabaya ni chini kwenye bwawa la maji meusi. Yana povu, yanachemka vitobo vidogo kama uji. Hapo hata sisi hatukai. Katapila likikoroga karibu na hapo, siku hiyo mjue hamlali.

Pua inazoea, ndani ya nusu saa husikii tena. Nikirudi nyumbani watoto ndio wananiambia.

#36 Maabara_Ndogo
Chupa_Tupu asante sana, umetupa kuliko vitabu. Ila kaka, hapo kwenye bwawa usiamini pua. Haidrojeni salfaidi ikizidi, kama sehemu 100 katika milioni, pua inakufa ganzi. Unadhani imeondoka kumbe imeongezeka. Na ni nzito kuliko hewa, inatuama mashimoni. Msiteremke humo, hasa asubuhi kukiwa kimya.

Dawa ya bwawa kama hilo ni kulipa hewa. Mashine ndogo ya kupuliza hewa ndani ya maji, au kuyatoa kabisa kwa mabomba yaliyolazwa chini ya taka. Wajapani wa Fukuoka, chuo chao na mji wao, mwaka 1975 walianza mtindo wa kulaza bomba kubwa chini ya taka, maji yanatoka nusu ya bomba, nusu ya juu inabaki wazi. Taka zikioza zinapata joto, joto linapanda, hewa ya nje inajivuta yenyewe kupitia bomba. Taka zikipata hewa, yai viza linapungua na methani inapungua. Haitaki umeme. Inataka bomba lisizibe tu.

#37 Kaka_Kontena
"Lisizibe tu." Hapo ndipo tunapokufaga.

#38 Angani_Mwanza
Nimechelewa. Nawapinga wote kidogo kuhusu usiku. Hamjataja kanieneo ya hewa, yaani ule mgandamizo wa hewa juu yetu. Kwetu karibu na Ikweta, kanieneo ya hewa inapanda na kushuka mara mbili kwa siku kama saa ya ukutani. Kilele saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kabisa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ni hektopaskali (kipimo cha kanieneo) chache, lakini gesi iliyo ndani ya dampo inazisikia. Nje ikipungua, ya ndani inatoka. Jabali anasema inaanza saa nne usiku. Hesabuni wenyewe.

#39 Popo_wa_Igoma
Kwa hesabu hiyo saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni pia itoke.

#40 Angani_Mwanza
Inatoka. Ila mchana kuna upepo na jua, inachanganyika na kupotea. Na shemeji yako wa #5 anaipata saa ngapi vile?

#41 Popo_wa_Igoma
Saa nane, saa tisa. Daah.

#42 Mzee_wa_Luseni
Hiyo pia ni saa ya upepo wa ziwa, ng'wanawane. Usijichukulie ushindi wote.

#43 BintiUkara
Na yale magari ya kunyonya vyoo? Kwetu kuna moja lilikamatwa likimwaga kwenye mfereji saa sita usiku. Yai viza la usiku linaweza kuwa hilo, wala sio dampo.

#44 Sangara_Kichwa
Mimi nina swali dogo la kizushi. Jabali, umeshawahi kuangalia chemba yako mwenyewe?

#45 Jabali_Pweke
Wakuu nimerudi baada ya wiki mbili. Nimeweka daftari kama alivyoshauri Wakili.

Kwanza nianze na aibu. Maabara aliniuliza pete inakaa wapi, sikumjibu. Inakaa kwenye sinki la bafu la wageni. Bafu hilo halijatumika tangu Pasaka. Sangara aliposema chemba nikaenda kwa hasira nimuumbue. Chemba nzima. Lakini kile kitundu cha maji cha sakafuni bafuni, kona ya bomba inayotakiwa kushika maji ilikuwa imekauka kau. Nikainamia, nikarudi nyuma. Yai viza lenyewe! Nimemwaga ndoo ya maji, ndani ya nyumba imepungua sana.

#46 Sangara_Kichwa
😂😂😂 Nawashukuru wote mlioniamini. Mods wekeni uzi huu kwenye kumbukumbu.

#47 Fundi_Jipsamu
Kwa hiyo jipsamu imeachiwa huru?

#48 Maabara_Ndogo
Jipsamu iko nje kwa dhamana. Pete ndiyo imeondolewa kwenye ushahidi.

#49 Jabali_Pweke
Sijamaliza. Ndani imepungua, nje ipo. Usiku 14, nimeisikia barazani usiku 9. Katika hizo 9, nane upepo ulikuwa umelala, mzee wa #4 chukua. Ila usiku mmoja upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani kabisa, majani yanalalia upande wa dampo, na yai viza lilikuwepo kali kuliko siku zote. Hilo sijui lilitoka wapi, BintiUkara labda gari lako. Jumapili zote mbili ilinuka, ule utamutamu haukuwepo, yai tu. Kaka_Kontena hapo una nusu. Siku mvua iliponyesha mchana, usiku wake nilishindwa kula.

Saa ya kuanza: mara tano ni kati ya saa nne na saa tano. Mara nne ni baada ya saa saba.

#50 Angani_Mwanza
Mara tano.

#51 Mzee_wa_Luseni
Mara nane.

#52 Chupa_Tupu
Siku ya mvua katapila lilinasa pale chini karibu na bwawa, likakoroga mpaka jioni kujitoa. Hiyo nilikuwepo.

#53 Kaka_Kontena
Waulizeni wenye dampo wanafunika na udongo gani kabla hamjaandika barua. Ukienda na "inanuka" watakwambia taka zote zinanuka. Ukienda na "eneo la kumwagia ni kubwa, bwawa liko wazi, udongo ni mchanga", lazima mtu ashike kalamu.

#54 Wakili_wa_Mtaa
Jabali nitumie hizo tarehe faragha, na majirani wawili watatu waanze madaftari yao. Asiwe mmoja tu, tena mwenye bafu kavu.

#55 Jabali_Pweke
Sawa mkuu. Jirani wa juu amekubali, wa chini anasema yeye hasikii kitu, ana miaka kumi na mbili pale.

Sasa hivi ni saa tano kasoro, niko barazani. Upepo umelala. Mpaka sasa nasikia dagaa tu, wa chini anakaanga.

#56 BintiUkara
Samahani kutoa watu nje ya mada. Hicho kiwanja cha pembeni yako, kile chenye mawe mawili, bado kipo? Nitakuja kukiangalia usiku.